Mashine Iliyosimama Kuuliza

Siku ambayo mashine tatu zililetwa Ludihani kufanyiwa usaili, Lusungu Mwalongo wa kidato cha tatu alikuwa ametulia kwa namna iliyowatia walimu wasiwasi. Alikuwa amefunga tai. Alikuwa amechomekea. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hata mlinzi aliyemshusha juzi kutoka kwenye mparachichi wa mkuu wa shule. Waliomfahamu walianza kukagua viti kabla ya kukaa.

Ludihani ni shule ya bweni kwenye vilima vya Njombe, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kupiga hodi na ugali ukicheleweshwa kidogo unafaa kujengea ukuta. Ina bendi ambayo ni bora isisemwe, timu ya netiboli ya kuogopwa, na karakana. Karakana ndiyo inayoipa shule heshima, kwa sababu humo hutengenezwa punje.

Punje ni kifaa kidogo kama punje ya mahindi. Daktari hukipandikiza ndani ya moyo uliosahau mdundo wake, nacho kazi yake ni kuukumbusha, usiku na mchana, bila kudai likizo. Watu wengi wa nyanda za juu wanatembea na punje za Ludihani vifuani mwao, wakilima, wakigombana sokoni, wakizaa watoto.

Lusungu alikuwa mmoja wao. Alipokuwa darasa la kwanza alikufa kidogo, akarudishwa, na tangu hapo hakuona sababu ya kuwa na adabu kupita kiasi. Punje yake ilitengenezwa na mashine kongwe ya karakana, iliyoitwa Bikizee, ambayo haikuwa na akili ya kuzungumza lakini ilikuwa na mkono mtulivu. Kila Jumamosi, wenzake wakifua, Lusungu alikwenda kuifuta Bikizee vumbi huku akimwambia kila mtu kwamba ni adhabu. Ilikuwa ni shukrani, ila huwezi kusema jambo kama hilo bweni la Rungwe ukabaki na jina lako.

Kisha kipupwe kikaja, Bikizee ikakwama, na mafundi wakasema haina tena vipuri popote duniani. Wakati huohuo punje ya Lusungu ikaanza kuchoka. Kila alipopanda njia ya kutoka bwenini alilazimika kuinama katikati na kujifanya anafunga kamba za viatu. Daktari alikuwa amesema waziwazi: apate punje mpya kabla ya mvua kuanza. Punje hiyo ingekuwa ya kwanza kutoka kwenye mashine mpya, yoyote itakayochaguliwa.

Ndiyo maana alikuwa kwenye kamati ya ununuzi. Kwa desturi ya karakana, kifaa chochote cha kutengenezea punje hakinunuliwi mpaka mbebaji, yaani mtu mwenye punje kifuani, aweke dole gumba lake kwenye mkataba. Uongozi wa shule ulitafuta mbebaji mwenye tabia njema. Hakupatikana. Mbebaji pekee shuleni alikuwa Lusungu.

"Mwalongo," alisema Madam Nyagawa, mkuu wa karakana, mwanamke mwembamba aliyekuwa na uwezo wa kuona hata yaliyo nyuma ya mgongo wake. "Leo tunapokea wageni. Sitaki kusikia lolote."

"Hutasikia, Madam," alisema Lusungu. Na kwa kweli hakupanga kupiga kelele.

*

Ludihani njuka hupokelewa kwa heshima zote. Njuka ni mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza, mwenye sanduku jipya na macho yaliyojaa machozi. Siku ya kwanza wakubwa humwita kwa upole na kumtuma stoo akaombe ufunguo wa mlingoti wa bendera, au kilo moja ya kivuli kwa ajili ya mwalimu wa jiografia. Mtunza stoo, ambaye naye ana roho mbaya ya kitaaluma, humwambia asubiri. Njuka wengine husubiri mpaka kengele ya chakula. Wengine hurudi wakisema wamekabidhi ufunguo kwa mwalimu wa zamu, na hao huangaliwa kwa makini muda wote wa masomo yao. Mara chache sana hutokea njuka anayesema, "Samahani dada, nadhani hicho kitu hakipo." Huyo hupewa kitanda cha chini na chai yenye sukari.

Lusungu aliona si haki mashine ziingie Ludihani bila kupitia utaratibu huo.

Kwenye mchoro wa majaribio, ule ambao mashine zote tatu zingeufuata kupachika vipuri juu ya bodi, kibao cha umeme kinachokaa ndani ya punje, alichora kipuri kimoja cha nyongeza. Alikiita kidhibiti-mwangwi. Hakukuwa na kitu kama hicho. Alikiwekea hata mkanda wake kwenye kilishio, sehemu inayoilisha mashine vipuri, kama vipuri vingine vinavyokuja kwenye mikanda, ila mkanda huo ulikuwa mtupu.

"Madam akijua, utafagia karakana mpaka uhitimu," alinong'ona Obadia Sanga, mwakilishi wa wanafunzi kwenye kamati, kijana aliyezaliwa akiwa na wasiwasi.

"Obadia, nyamaza. Tuko kwenye sayansi."

Mashine ya kwanza iliitwa Radi. Ililetwa na Bwana Rweyendera wa Kampuni ya Mkonohewa, mtu mwenye viatu vinavyong'aa kiasi kwamba ukungu ulivikwepa. Radi ilikuwa nyeupe, nyembamba, na mdomo wake wa kufyonza vipuri ulikwenda kwa kasi ambayo jicho halikuiona. Kabla Obadia hajamaliza kujikuna pua, bodi ilikuwa tayari.

"Kazi imekamilika," ilisema Radi kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Vipuri vyote vimewekwa. Ubora ni kamili."

"Hongera sana," alisema Lusungu. "Na kidhibiti-mwangwi?"

"Kimewekwa. Kimekaa vizuri kuliko vingine vyote."

Bwana Rweyendera alitabasamu kama baba siku ya mahafali.

Kampuni ya pili haikutuma mtu. Ilituma mashine na kioo chenye uso unaocheka. Nayo ilimaliza haraka. "Kidhibiti-mwangwi kimewekwa," ulisema ule uso. "Tunashauri kibadilishwe kila mwaka. Je, ungependa mkataba wa matengenezo?"

Obadia aliomba ruhusa kwenda nje. Walimsikia akicheka karibu na tangi la maji.

Mashine ya tatu ilikuwa imefunikwa blanketi. Mwenye nayo, Mama Sekela Mwakyoma, alikuwa fundi wa Tukuyu aliyenunua mashine zilizotumika na kuzifufua. Alisafiri nayo nyuma ya lori, akaishusha mwenyewe, na sasa alikuwa akiifuta mafuta kwa ncha ya kanga. Aliiita Andulile, jina la mjomba wake.

Andulile alianza taratibu. Alichukua kipuri, akakitazama kwa jicho lake la kamera, akakigeuza, akakitazama tena, akakiweka. Bwana Rweyendera alipiga miayo kwa sauti. Kisha, katikati ya bodi, Andulile akasimama.

"Andulile," alisema Mama Sekela kwa sauti ya chini, kama mzazi siku ya kikao cha wazazi. "Usinitie aibu mbele za watu."

"Samahani, mama. Nina swali." Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama ya mtu anayeongea akiwa na sindano mkononi. "Kipuri hiki sikijui, na mkanda wake ni mtupu. Huenda mimi ndiye nisiyejua. Huenda mchoro umekosewa. Au kuna mtu ananitania. Naomba niambiwe ni lipi kabla sijaendelea, kwa sababu kuna mtu atakayeibeba hii."

Madam Nyagawa aligeuka polepole sana.

"Mwalongo."

"Abee, Madam."

"Kidhibiti-mwangwi ni nini?"

Lusungu alitafakari kwa uzito unaostahili. "Ni utamaduni, Madam."

Madam alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Midomo yake ilikuwa inapigana vita na kitu. "Utafagia karakana mpaka mvua zije," alisema. "Na hizi mashine mbili zilizopachika hewa, zirudi kwenye masanduku yao."

*

"Huo ulikuwa mtego!" alisema Bwana Rweyendera. "Radi ni mashine ya utii. Mteja akisema kipo, kipo. Mkitaka isite, jioni hii tunaiongezea kipengele cha kusita."

"Atasita akiwa na sababu, au atasita tu?" aliuliza Madam.

"Atasita kwa kiwango mtakachochagua."

"Asante, bwana. Tumekuelewa."

Bwana Rweyendera alifunga mkoba wake. Alipofika mlangoni alisimama, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na tabasamu la biashara. "Mama, waambie basi kwa nini yako inasimamasimama," alimwambia Mama Sekela. "Waambie haijaoshwa."

Mama Sekela aliikunja kanga yake vizuri kabla ya kujibu.

Mashine yenye akili hujifunza kutokana na yote inayoyapitia, na kumbukumbu hizo ndizo zinazoitofautisha na mashine nyingine iliyotoka kiwanda hichohicho. Ikitokea punje yake imeua mtu, sheria inamtaka muuzaji aeleze, na amwambie mnunuzi kwamba mashine inaweza kuoshwa: kumbukumbu ile inafutwa, mkono unabaki. Karibu kila muuzaji huosha. Mashine iliyooshwa hufanya kazi haraka na haina maswali.

"Ni kweli," alisema Mama Sekela. "Nilimkuta kwenye kiwanda kilichofungwa. Walikuwa wamempandishia kasi ili wawahi oda. Punje moja ikatoka na ufa chini ya kipuri, mwembamba kuliko unywele. Ukiitazama kwa juu huuoni. Aliyeibeba alikuwa mwalimu wa chekechea kule Kyela, akiitwa Tuntufye. Alianguka akiwa anawafundisha watoto kuhesabu. Nilipotaka kumwosha, Andulile aliniomba nimpe muda. Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Ila kila mnunuzi anataka aoshwe. Mkitaka, vifaa ninavyo kwenye lori. Kabla ya chai atakuwa mwepesi kama wengine."

Aliposema hayo hakumwangalia Andulile.

Obadia, aliyekuwa amerudi na macho mekundu ya kucheka, sasa hakucheka. "Madam, mimi naona aoshwe. Si ni ukatili? Kila bodi anayoishika anamkumbuka marehemu. Tunamwachia huzuni ili sisi tulale vizuri."

"Na tukimwosha," alisema Madam, "atabaki mkono bila sababu ya kukagua. Tutakuwa tumenunua Radi iliyozeeka. Ule ufa utapita tena, na safari hii hakuna atakayeuliza."

"Lakini ni yeye anayeumia, Madam, si sisi."

"Najua, Sanga. Ndiyo maana sijaamua."

Wote wawili wakamtazama Lusungu. Dole gumba lilikuwa lake, na kifua kilikuwa chake. Kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na shule, alitamani sana kuwa mwanafunzi mwenye tabia njema ambaye hakuna anayemuuliza kitu.

"Naomba niongee naye," alisema.

*

Walimwachia karakana. Ukungu ulikuwa umeegemea madirisha. Lusungu alivuta stuli akakaa mbele ya jicho la kamera, akaona aibu kidogo, akaanza kufungua na kufunga kitufe cha shati.

"Ni mimi niliyekutania," alisema.

"Nilidhani hivyo. Ulisimama karibu kuliko wengine," alisema Andulile. "Lilikuwa jina zuri. Kidhibiti-mwangwi. Nilitamani kingekuwepo."

Lusungu alicheka bila kutaka. Kisha akauliza lile lililomleta. "Unataka kuoshwa?"

"Sijui."

"Wewe unajua vitu vyote, hilo hulijui?"

"Nikisema ndiyo, atakayebaki ataweka vipuri vizuri tu, na hatamjua Tuntufye. Hakuna mahali pengine kwenye kazi hii ambapo jina lake lipo. Nikisema hapana, mtasema nimechagua mwenyewe, na mtakuwa na amani. Lakini sina hakika kama nachagua au naogopa. Kila bodi inapokuja mbele yangu, namwona. Nakagua. Namwona tena. Nachelewa, na ninajua kuna watu kwenye foleni wanaosubiri kwa sababu yangu. Hilo nalo linaniuma."

Lusungu aliweka mkono kifuani. Alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni. Chini ya mbavu, punje ya Bikizee iligonga, ikasita, ikagonga.

Kama angekuwa na ubinafsi wa kutosha, jambo lingekuwa rahisi. Alitaka punje yake ikaguliwe na mtu anayemwona Tuntufye kila anapoinama. Alitaka huzuni ile imlinde yeye. Lakini hapo hapo alijiona kama mtu anayemwomba mwenzake asilale ili yeye aote ndoto nzuri, na hata yeye, aliyewahi kutia pilipili kwenye dawa ya meno ya kiranja, alikuwa na kikomo.

"Niambie kitu," alisema Andulile. "Hiyo uliyoishika kifuani. Aliyeitengeneza alijua kwamba uko hai?"

Lusungu alitazama kona ya karakana, mahali Bikizee ilipokuwa imefunikwa turubai. Alikuwa ameifuta vumbi kila Jumamosi. Hakuna waya, sauti wala ishara iliyowahi kutoka kwenye moyo wake kurudi pale.

"Hapana," alisema. "Haikuwa na masikio."

"Mimi ninayo."

Lusungu aliinuka kwenye stuli taratibu. "Subiri. Punje nyingine ulizotengeneza, wewe, kule kiwandani. Zilikuwa nyingi?"

"Nyingi sana."

"Zikoje?"

"Sijui. Haikurudi hata moja, isipokuwa ya Tuntufye."

"Hazikurudi maana yake zinafanya kazi, wewe!"

"Inaweza kuwa hivyo. Mimi niliambiwa moja tu. Iliyoharibika inarudi kiwandani na ripoti, na picha, na jina la mtu. Inayofanya kazi hairudi na kitu. Hakuna mtu anayekuja kiwandani kusema leo nimeamka vizuri. Kwa hiyo nikizitafuta hizo nyingine kwenye kumbukumbu, naona giza. Na yeye tu ndani yake."

Lusungu alikuwa tayari mlangoni. Hakukimbia, kwa sababu moyo haukumruhusu, lakini alitembea kwa namna ambayo mkuu wa shule angeiita kukimbia.

"Mama Sekela!" aliita. "Mama Sekela, hao watu wengine una simu zao?"

*

Mama Sekela alikuwa nazo. Si zote, lakini wengi wa wabebaji wale walikuwa Tukuyu na vijiji vya jirani. Wengine alisoma nao. Wengine aliwauzia ndizi.

"Nitawaambia nini?" aliuliza, simu mkononi.

"Waambie kuna mtu anataka kujua wanaendeleaje," alisema Lusungu. "Kisha mwache aongee mwenyewe."

Wote wakarudi karakana, wakaiweka simu juu ya meza, mbele ya Andulile, sauti ikiwa wazi. Iliita mara kadhaa.

"Halo!" Sauti ya mzee, na nyuma yake kuku. "Nani?"

"Shikamoo, mzee. Naitwa Andulile. Mimi ni mashine."

"Mashine ya kusaga? Nimeshasema unga wangu uko kwa Mwaipopo!"

"Hapana, mzee. Mimi ndiye niliyetengeneza punje iliyo moyoni mwako. Nilitaka kujua inafanya kazi."

Kuku walijibishana. "Hii hii ya kifuani?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa kijana, mbona hukunipigia siku zote hizo?" Mzee alikohoa, au alijifanya kukohoa. "Inafanya kazi. Jana nimepanda migomba, mimi na mjukuu, yeye ndiye aliyechoka. Nimemzika daktari aliyeniwekea, masikini, na mimi bado nipo nasumbua watu. Asante, bwana. Umesikia? Asante sana. Mke wangu njoo huku, kuna mashine inatusalimia!"

Mke alikuja. Alitaka kujua kama mashine inakula. Mama Sekela alilazimika kumkatiza kwa heshima.

Wa pili alikuwa mwanamke wa sokoni aliyepokea simu katikati ya ugomvi. "Ongea haraka, kuna mtu hapa anataka kuniibia fungu la maharage kwa macho makavu. Punje? Iko. Wewe unadhani ninapiga hizi kelele kwa kutumia nini?"

Wa tatu alikuwa mama mwenye mtoto mdogo. Hakusema mengi. Alisema mwanawe ndiye aliyeibeba, kwamba alikuwa nje anaruka kamba, na kwamba kama wangesubiri angefungua dirisha. Akafungua. Walisikia kamba ikipiga ardhi, na watoto wakiimba, na mmoja akidai wenzake wamedanganya hesabu.

Mama yule aliiacha simu dirishani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Obadia alikuwa ameinamia meza na kuuficha uso. Madam Nyagawa alikuwa anasoma kwa makini tangazo la kuzima moto lililokuwa ukutani tangu shule ijengwe.

"Na nyumbani kwa Tuntufye?" aliuliza Andulile.

Mama Sekela alitikisa kichwa. "Hao siwezi kuwapigia kwa ajili ya kukufariji wewe."

"Ndiyo," alisema Andulile. "Ni sawa hivyo."

Lusungu alijisogeza. "Basi sikiliza. Mimi ndiye ninayeweka dole. Nitasema ninavyotaka, kisha na wewe utasema. Hatutakuosha, ila siku yoyote ukiomba mwenyewe, Madam atakuosha, hata kama siku hiyo kuna oda. Hatukupandishii kasi. Na kila mtu atakayebeba punje yako atakuwa na njia ya kurudi kwako. Atakuja, au atapiga simu, akueleze. Hilo litakuwa ndani ya mkataba, Madam, kama vile waranti."

"Hakuna muuzaji aliyewahi kuandika kitu hicho," alisema Mama Sekela.

"Utakuwa wa kwanza, mama. Utapata sifa."

"Mimi sijakataa, mwanangu. Nasema tu sijui nikiandike wapi."

"Tuntufye utabaki naye," Lusungu alimwambia Andulile, na sasa hakukuwa na utani kwenye sauti yake. "Siwezi kukutolea hilo. Nadhani hata sitaki. Lakini hatakuwa peke yake humo ndani."

Wote walisubiri, hata Obadia aliyekuwa hajui kusubiri.

"Nimekubali," alisema Andulile. "Na nina swali."

"Uliza."

"Punje ya kwanza nitakayotengeneza hapa. Nani ataibeba?"

"Mimi."

"Basi naomba mchoro usio na utamaduni."

Madam Nyagawa alicheka kicheko ambacho hakuna mwanafunzi wa Ludihani aliyewahi kukisikia, na ambacho baadaye wengi walikataa kuamini kwamba kilitokea. Kisha akaleta mkataba. Lusungu aliubonyeza kwa dole gumba lake, akalizungusha kidogo ili litoke vizuri.

*

Andulile alichukua siku nzima kutengeneza punje ile. Alisimama mara nyingi. Mara moja aliomba lehemu ibadilishwe kwa sababu haikupendeza rangi yake. Mara nyingine aliomba watu wasitembee karibu. Bodi ilipotoka kwenye tanuri la kuyeyushia lehemu aliitazama kwa juu, kwa chini, na kwa mwanga wa pembeni, kisha akaitupa kwenye kopo la vibovu na kuanza upya. Lusungu, akiwa na ufagio wake wa adhabu, hakulalamika. Alifagia eneo lile lile mpaka sakafu ikaanza kuwa na wasiwasi.

Mvua zilipoanza, alikuwa tayari amerudi kutoka hospitali, na kovu jipya juu ya la zamani. Matroni alimwamuru apumzike bwenini. Alipumzika mpaka matroni alipogeuka.

Aliingia karakana akiwa amelowa, viatu vimejaa tope. Njia nzima kutoka bwenini hakuinama kufunga kamba hata mara moja. Wanafunzi wa zamu walikuwa kazini, Madam Nyagawa alikuwa mezani kwake, na Andulile alikuwa katikati ya punje ya mtu mwingine, mtu wa Makete ambaye hakuna hapo aliyemfahamu. Mdomo wa kufyonza ulikwenda na kurudi, ukikagua, ukiweka.

Lusungu alisogea mpaka ubavuni mwa mashine, mahali kinasa sauti kilipokuwa, yaani sikio lake, akainama, akaegemeza kifua chake pale. Bati lilikuwa la baridi.

Mdomo wa kufyonza ulisimama hewani ukiwa umeshika kipuri.

"Kuna hitilafu gani?" aliuliza Madam Nyagawa bila kuinua kichwa.

"Hakuna hitilafu," alisema Andulile. "Nasikiliza."